Kikaango cha fonti kikishika kutu bado kizima: vile nilirudisha changu kazini hapa Lubumbashi

Bandugu na bamama, naandika hii juu naona wale vijana wa pusupusu (mikokoteni) wanapita hapa Katuba wakiita vyuma, vyuma, na watu wanawatolea vikaango na marmiti (sufuria nzito) za fonti, yaani chuma cha kumimina, kwa bei ya chuma chakavu, eti zimeshika kutu, eti zimeganda weusi wa miaka hauna tena dawa. Inaniuma kweli. Mimi napika chakula cha kuuza, niko na malewa yangu ndogo, maharagwe, sombe (majani ya muhogo), nyama ya kuchemka muda mrefu, kapenta wa kukaanga, na hizi vyombo zimenisaidia kuliko chombo kingine chochote chenye nimewahi kununua. Lakini kufika hapo ilikula franga, makala (makaa ya kupikia) na muda, na kuna vitu vingine natamani mtu angeniambia mapema, kwa hiyo nayaweka hapa yote vile yalienda.

Kikaango nilikitoa soko la Kenya (Kenya ya hapa kwetu, ile komini, si nchi), kwa mama mmoja mzee mwenye alikuwa anauza vyombo vya nyumba juu anahamia Likasi kwa watoto wake. Kilikuwa chini kabisa ya rundo, kizito, mkono mfupi, ndani kutu nyekundu, nje tabaka nene nyeusi inabanduka vipande vipande. Akaniambia, «Mama, hii ilikuwa ya mzee wangu, Mungu amulaze pema, mimi siwezi tena kuinyanyua.» Nikalipa elfu kumi na tano za Kongo bila kubishana sana.

Kabla hujatoa franga hakikisha kwanza kama ni chuma kweli. Hapa kwetu watu wanaita fonti vitu viwili tofauti kabisa: kuna fonti ya chuma, na kuna zile sufuria zenye mafundi wanamimina kwenye mchanga kwa alumini ya kuokota, vipande vya motere, makopo, madirisha ya zamani. Zile za alumini ni rangi ya fedha ndani lakini zikiungua nje zinakuwa nyeusi, unaweza danganyika, sana sana jioni. Dawa ni sumaku. Mimi nilichukua ile ya spika iliyokufa ya redio, naibeba kwenye saki mpaka leo. Ikishika, ni chuma. Ikiteleza, ni alumini, na hii yote naandika haikuhusu. Na kwa zile za alumini za kuokota mimi niko mwangalifu sasa, juu watafiti walipima sufuria za namna hiyo za Kameruni, matokeo yakatoka 2014, wakakuta zinaachia madini ya risasi ndani ya chakula, na risasi hiyo kwa watoto ni sumu, haina kiasi kizuri. Shida ni huwezi jua kile fundi ametupa ndani ya moto siku ile.

Kitu cha pili, kigonge. Shika kikaango kwa mkono kikiwa kinaning'inia, kigonge na kijiti ama na kidole kilichokunjwa. Kizima kinalia, sauti inabaki kidogo hewani. Chenye ufa kinatoa sauti ya kufa, tup, basi. Kutu inatoka, weusi unatoka, lakini ufa hautoki, ukisikia ile tup kirudishe kwenye rundo hata kama bei ni tamu.

Sasa nyumbani kila mtu alikuwa na shauri lake. Shemeji akasema tukitupe ndani ya moto wa kuni mpaka kiwe chekundu, weusi wote utaungua, na kweli watu wengi wanafanya hivyo. Nilikataa, na nashukuru nilikataa. Moto wa namna hiyo huwezi kuupima, upande mmoja unawaka mwingine baridi, chuma kinapinda ama kinapasuka, na hata kikipona kinaweza toka na rangi nyekundu-nyekundu yenye haitaki tena kushika mafuta. Niliona kimoja hivyo kwa jirani, wakipaka mafuta mara ngapi yanabanduka tu.

Mwenye alinifungua akili ni papa mmoja anatengeneza sabuni pale nyuma ya parseli yetu. Ule weusi, akasema, ni mafuta ya zamani yaliyokauka, na mafuta yanaogopa soda kostiki, ile ile yenye yeye anapikia sabuni. Akanipa kipimo, gramu kama 25 kwa litre moja ya maji, ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Hapa mnisikilize vizuri juu hii soda inaunguza ngozi na inaweza kukupofusha. Maji yanatangulia kwenye ndoo, soda inafuata polepole, kamwe usigeuze, ukimwaga maji juu ya soda inachemka na kukurukia usoni. Glavu za mpira, mikono mirefu, miwani kama uko nayo, fanya nje, watoto mbali, na maji safi mengi pembeni ya kujimwagia kama imekugusa. Jirani kwa roho nzuri alileta basani yake ya alumini tutumie, papa akapiga kelele, «Hapana mama, toa hiyo!», juu soda inakula alumini, inatoa povu na gesi yenye inashika moto. Kwa hiyo sufuria za alumini zikae mbali, hata kijiko cha alumini usikorogee.

Kikaango kilikaa mle ndani siku kadhaa bila kuguswa, ndoo nimeifunga nimeiwekea jiwe juu. Chuma chenyewe soda haikiumizi. Nilivyokitoa maji yalikuwa meusi kama kahawa, weusi ukawa laini, nikausugua na nyuzi za chuma na nikasuuza sana sana, mpaka kidole hakisikii tena ule utelezi. Chini yake ikatokea chuma ya kijivu yenye sikuwahi kuona, na herufi ndogo kwenye mgongo zenye zilikuwa zimezikwa. Lakini kutu ilibaki pale pale, juu soda haiondoi kutu, kila uchafu na dawa yake.

Kutu dawa yake ni siki, ile vinegre nyeupe ya dukani. Nusu siki nusu maji, kikaango kizame chote, usikiache nusu nje, utapata mstari. Na hapa ndiyo watu wanaharibu, wanakiacha usiku mzima wakilala, kumbe siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, asubuhi unakuta vishimo. Mimi nilikuwa naangalia baada ya nusu saa, nasugua, narudisha kidogo, saa nzima sikupitisha. Vile kinatoka, usiende kusalimia mgeni, usipokee simu. Chuma tupu yenye maji inashika kutu ukiiangalia: nilikipangusa na kitambaa, nikageuka kuchukua mafuta, kugeuka tena nikaona uso wote umevaa ukungu wa rangi ya chungwa. Ule ni mwepesi, unatoka ukisugua. Ila tangu hapo mbabula (jiko la makala) inawaka tayari kabla sijatoa kitu kwenye siki, kikitoka kinasuuzwa, kinapanguswa, kinapanda motoni palepale mpaka kikauke moto-moto, na mafuta yanapakwa palepale.

Sasa mafuta. Mimi kama mtu wa hapa nilikimbilia mawese, ni mafuta yetu, yako nyumbani, yana nguvu. Nikapaka, nikachoma, nikapaka, nikachoma, na kila mara kikaango kinatoka kinanata, vumbi linashika, harufu nzito inabaki. Makala ya gunia karibu nusu ilienda hivyo na nilikuwa karibu kuchoka kabisa, nililala na hasira. Papa wa sabuni tena akanielekeza kwa maneno yenye siwezi sahau: angalia asubuhi za baridi za mwezi wa sita, mawese yanaganda kwenye chupa, ya soya yanabaki maji. Yale yenye yanaganda hayakauki vizuri kwenye chuma. Na ni hivyo kweli, karibu nusu ya mawese ni yale mafuta mazito yenye hayataki kubadilika, kwenye soya ni karibu asilimia 15 tu. Ile ngozi nyeusi ya kikaango kizuri si mafuta tena. Ni mafuta yaliyopata moto mkali na hewa mpaka yakashikana yenyewe kwa yenyewe na kushika chuma, yakawa gumu. Kwa hiyo chukua soya ama alizeti, ile ya kawaida ya kupikia inatosha, hauhitaji kitu cha bei. Mawese nayatumia kupika, sombe bila mawese mimi siiwezi, lakini si kwa kujenga ngozi ya chuma.

Lakini hata na soya kuna siri, na kama mtu anasoma haraka-haraka asome hapa tu: mafuta yawe kidogo kuliko vile unafikiri. Kidogo kabisa. Chuma kikiwa cha moto kiasi cha kukushtua mkono, pakaza kila mahali, ndani, nje, mkono, mgongo, halafu chukua kitambaa kikavu pangusa yote kana kwamba ulikosea kuyapaka, halafu chukua kitambaa kingine kikavu upanguse tena. Kikaango kitaonekana kikavu, utasema hakuna kitu imebaki. Imebaki. Ile yenye haionekani ndiyo inageuka ngozi, yenye inaonekana inageuka matone ya kunata, na matone hayo yakishaganda utayasugua mpaka mkono ulie.

Moto wa kuchomea ulinisumbua sana kwa sababu mimi sina furi (oveni) nyumbani na umeme wenyewe mnaujua. Juu ya mbabula katikati kunaungua pembeni hakujashika. Nikaenda kwa papa mwenye kuoka mikate kwenye avenue ya pili, ana tanuri ya matofali ya kuni, nikamsalimia vizuri, nikaeleza. Akacheka kidogo, akasema, «Mama, mikate ikitoka tanuri bado iko na moto wa bure, leta chuma chako.» Yeye hana kipimo cha digrii, anatupa unga kidogo chini ya tanuri, ukiwaka ama ukigeuka mweusi palepale moto bado mkali, ukigeuka kahawia taratibu anasema sasa. Kwa mwenye ana furi ya kipimo, weka digrii 230 hivi, saa moja, kikaango kifudifudi ili kama kuna mafuta ya ziada yadondoke yasitengeneze kidimbwi, halafu kiache kipoe humo humo. Kitatoa moshi, ndiyo kazi yenyewe, fungua madirisha. Kikiacha kutoa moshi na kikipoa bila kunata, tabaka moja imekubali.

Tabaka ya kwanza inatoka rangi ya kahawia ya mabaka-mabaka, mbaya kuona, usikate tamaa. Ya pili inaanza kuwa nyeusi. Kuanzia ya tatu ama ya nne nikaona kinang'aa, na yai la kwanza lilizunguka ndani likiteleza, mtoto wa dada yangu mwenye ananisaidia malewa akapiga makofi. Papa wa mikate sikumlipa franga, alikataa, nilikuwa namletea sahani ya maharagwe, na mpaka leo ni rafiki wa nyumba.

Niseme na la marmiti, juu hilo ndilo lilinitoa machozi. Nilivyoona kikaango kimekubali nikaagiza kwa mama mmoja wa biashara ya Kasumbalesa marmiti ya miguu mitatu, namba 3, ile ya litre karibu nane, mpya. Hizi mpya mara nyingi zinakuja zimepakwa nta ama vanishi ili zisishike kutu njiani, kwa hiyo usipikie palepale. Niliisugua na maji ya moto na sabuni, nikachemshia ndani maganda ya viazi na maji ya kumwaga, tena na tena mpaka maji hayatoki tena meusi, halafu tabaka za mafuta vile vile. Ilipika vizuri sana. Siku moja maharagwe yalikauka, chini kukaanza kuungua, na yule mtoto kwa kutaka kuokoa chakula akachota maji ya baridi ya bido (dumu) akamwaga. Nilikuwa mlangoni nahudumia watu. Nikasikia tok! moja tu, kama mtu amevunja kijiti kikavu. Ufa mwembamba kutoka chini karibu na mguu mmoja, urefu wa kidole, na mchuzi unatoka unalia kwenye makala. Sikumgombeza, hakuna mtu alikuwa amemfundisha. Chuma hii ni ngumu lakini haina unyumbufu, sehemu moja ikijikunja ghafla na nyingine bado imetanuka, inapasuka.

Fundi wa kusuder (kuchomelea vyuma) akaniambia ataitengeneza, akachukua franga, akaweka mshono, na kwenye moto wa kwanza ikapasuka tena pembeni kabisa ya mshono. Nikaja kujua kwamba fonti inataka baketi (vijiti vya kuchomelea) zake za nikeli na kupashwa moto yote kabla na kupozwa polepole sana, na hata hivyo kwa chombo cha chakula mafundi wenye wanajua wanakushauri uache. Kwa hiyo franga ya fundi mzitunze kwa kununua ingine. Na watoto wa jikoni mwaambie siku ya kwanza kabisa: chombo cha fonti cha moto kinaongezewa maji ya moto tu, na kinapanda kwenye moto mdogo kwanza, hasa asubuhi za baridi, juu mbabula inapiga katikati na pembeni hapajui kama kuna moto.

Kila siku sasa nafanya hivi. Chakula kikiisha, chombo kikiwa bado na uvuguvugu, maji ya moto na brashi. Sabuni kidogo ya vyombo haina neno, ile ya kuogopa ni sabuni yenye soda kali. Kama kumeshika, chumvi ya mawe kidogo na kitambaa, inasugua bila kuchubua. Halafu motoni kikauke kabisa, mafuta tone moja, pangusa. Usikiloweke usiku kwenye basani. Chakula kisilale ndani, sana sana chenye nyanya ama ndimu, juu asidi inakula ile ngozi, chakula kinageuka cheusi na ladha ya msumari. Nyanya kidogo mwishoni kwenye chombo chenye tabaka nyingi inapita, lakini mchuzi wa nyanya tupu wa saa mbili upikie kwenye sufuria nyingine. Na munkoyo, tafadhali, usiuwekee ndani hata kidogo, unachacha, ni mchachu, utaharibu chombo na kinywaji pamoja. Hiyo ya kuchacha ndani ya chuma kuna ubaya mwingine tena: kusini mwa Afrika madaktari walikuta watu wenye chuma nyingi kupita kiasi mwilini kwa miaka ya kunywa pombe ya kienyeji iliyopikiwa kwenye mapipa ya chuma.

Kwa chakula cha kawaida lakini ile chuma kidogo yenye inaingia ni baraka. Kuna utafiti ulifanywa Ethiopia, ukachapishwa 1999, watoto wenye nyumbani walipikiwa kwenye vyungu vya chuma wakaonekana damu yao imepanda kuliko wenye walipikiwa kwenye alumini. Si dawa ya hospitali, mtoto mwenye damu chache mpeleke apimwe, ila kwa nyumba yenye nyama inaonekana Jumapili tu mimi naona ni sababu moja zaidi ya kutomuuzia kijana wa pusupusu.

Kwa upande wa makala niseme ukweli, kuanza fonti inakula zaidi, ni nzito na inachelewa kupata moto, chai ya asubuhi usiichemshie humo. Faida inakuja kwa maharagwe na nyama: ikishapata moto inautunza, napunguza makala naacha chache tu na kifuniko, inaendelea kuchemka pole yenyewe. Kwa kupika haraka bugali ya watu wawili bado natumia alumini ya kiwandani.

Ile ya kwanza, kikaango, kwa jumla soda, siki, mafuta na ile makala ya mawese iliyopotea, ilinigharimu zaidi ya bei ya kukinunua, mara mbili hivi. Ungefuata hapa ungetumia nusu.

Na kwa mwenye hana papa wa mikate karibu, pipa la chuma la mafuta lililokatwa nusu linafanya kazi, ila lichomwe tupu kwanza mpaka rangi na mafuta ya zamani yaishe. Makala iliyowaka vizuri iweke chini kwa kuzunguka pembeni, katikati acha wazi, weka mawe matatu, kikaango kifudifudi juu yake, funika na bati, acha mwanya kidogo wa hewa. Usiongeze makala, iache iishe yenyewe na chuma kipoe humo mpaka kesho yake. Msimu wa mvua fanya siku kavu, na chombo ukiwa hukitumii miezi ya mvua weka karatasi kavu kati ya marmiti na kifuniko chake ili hewa ipite, na kila mara ukipita kiguse ndani na kidole, kidole kikitoka na wekundu kipandishe motoni siku hiyo hiyo.